Kamusi ya Oxford mtandaoni, na neno la ubahili lililomtoa mtu kazini

Kwa mwenye haraka: kamusi kubwa ya Kiingereza ya Oxford, ile inayoitwa OED kwa kifupi, ndicho chombo bora kuliko vyote nilivyowahi kushika katika kazi ya lugha. Naipa nyota nne na nusu kati ya tano. Nusu iliyopungua ni ya mlangoni: huduma hii ni ya kulipia, na ada ya mwaka kwa mtu binafsi si fedha ya kutoa bila kwanza kuangalia kodi ya nyumba. Huko chini nitaeleza njia halali ya kuingia bila kulipa, pamoja na kamusi mbili za bure zinazofaa kuwekwa pembeni yake. Ila sifa tupu hazimsaidii mtu anayefikiria kutoa hela yake. Nitawaonyesha inavyofanya kazi kwa neno moja tu, neno la zamani la Kiingereza la kumwita mtu bahili, kwa sababu hilo ndilo lililonifanya niione thamani yake yote.

Neno lenyewe ni niggard, na kivumishi chake ni niggardly. Najua ukilisoma hapo umeshtuka. Mimi ni mwanamke mweusi, mzaliwa wa Tanga, naishi Yorkshire, kaskazini mwa Uingereza, na riziki yangu ni ukalimani wa Kiswahili hospitalini, mahakamani na shuleni. Sikio langu hushtuka kila linapolisikia neno hili, na silionei haya sikio langu. Lakini kushtuka ni jambo moja, na asili ya neno ni jambo jingine, na kuna siku mtu anahitaji kuyajua yote mawili vizuri.

Siku hiyo ilifika kwa jirani yangu, mama aliyetoka Uvira, mashariki mwa Kongo, na familia yake. Alinipigia simu jioni, sauti inatetemeka. "Dada, mwalimu alitukana mutoto yangu mbele ya darasa yote." Nikavaa koti nikavuka barabara. Binti yake, msichana wa sekondari mwenye akili nyingi na maneno machache, alinisukumia karatasi mezani, kando ya sahani ya sombe iliyokuwa bado haijaguswa. Ilikuwa soneti ya nne ya Shakespeare, kutoka mkusanyo uliochapishwa mwaka 1609, na mwalimu aliisoma kwa sauti. Katika mstari mmoja mshairi anamwita kijana mzuri wa sura "beauteous niggard". Anamlaumu kwamba uzuri alipewa ili naye autoe, apate watoto, lakini yeye ameuzuia kwake tu. Msichana alikuwa amelipigia neno hilo mstari wa kalamu nyekundu mpaka karatasi imetoboka.

Nikasema tulitafute kwenye kamusi. Akanitazama. "Tante, kamusi nayo si ni ya wazungu haohao?"

Swali hilo ni zito, na tathmini yangu yote inasimama juu ya jibu lake. Kamusi ya kawaida hukuambia maana ya neno, nawe unaamini kwa sababu imeandikwa kitabuni. OED haikuombi uiamini. Inakuwekea mezani ushahidi wake, mwaka kwa mwaka, pamoja na jina la aliyeandika na mahali alipoandika, kisha inakuachia uamue mwenyewe. Ukifungua neno, chini ya kila maana unakuta safu ya nukuu zilizopangwa kuanzia ya zamani kabisa iliyopatikana hadi za karibuni. Pembeni kuna sehemu ya asili ya neno, sehemu ya tahajia zote lilizowahi kuandikwa kwa nyakati mbalimbali, na sehemu inayoonyesha neno linatumika kwa wingi gani siku hizi. Kwa mtu anayetafuta maana upesi, ukurasa huu unachosha. Kwa mtu anayetaka kujua kama binti wa watu ametukanwa, kila mstari una kazi.

Ushahidi huo haukuja kwa kubahatisha. James Murray alipokabidhiwa uhariri mwaka 1879, alitoa wito kwa wasomaji wa Kiingereza wasome vitabu, wanakili sentensi kwenye vipande vya karatasi, waandike kitabu na mwaka, kisha wampelekee. Karatasi zilimiminika kwa mamilioni. Alizipanga kwenye vijisanduku ndani ya banda la bati alilolisimamisha nyumbani kwake. Kijitabu cha kwanza kilitoka mwaka 1884 na cha mwisho mwaka 1928. Murray mwenyewe alifariki mwaka 1915 kabla ya kuliona neno la mwisho. Toleo la pili, la mwaka 1989, ni juzuu 20. Tangu mwaka 2000 kamusi iko mtandaoni, na wahariri wanaipitia upya yote. Hawakuanzia A. Walianzia herufi M, kwa hiyo N, ambamo neno letu limo, ilikuwa miongoni mwa sehemu zilizotangulia kufanyiwa marekebisho.

Kuhusu hiyo herufi N kuna jambo moja linanifurahisha sana. Katika toleo la kwanza, N haikuhaririwa na Murray. Ilikuwa mikononi mwa William Craigie, Mskoti wa Dundee, mtu aliyekwenda mpaka Copenhagen kujifunza Kiaislandi na aliyezijua lugha za kale za Skandinavia kuliko karibu kila mtu pale Oxford. Na neno letu, likichimbwa, linaelekea hukohuko Skandinavia. Lilimwangukia fundi wake.

Sasa tulichokisoma. Kamusi inaligawa neno vipande viwili. Kipande cha mwisho, -ard, ni kiambishi kilichopitia Kifaransa kutoka lugha za Kijerumani za kale, ambamo kilimaanisha ugumu au ujasiri. Kilianza katika majina ya watu ya heshima, Bernard, Richard, Gerard, halafu baadaye kikageuka kiambishi cha kukashifia: drunkard ni mlevi, coward ni mwoga, sluggard ni mvivu. Kipande cha mwanzo, nig, kilikuwa chenyewe neno la kumwita mtu mchoyo katika Kiingereza cha kati, yaani cha kati ya miaka ya 1100 na 1500. Huenda kiliingia kutoka Kinorse cha kale, lugha ya Waskandinavia wa zamani, ambako hnøggr ni bahili, asiyetoa. Kiingereza cha kale kabisa nacho kilikuwa na jamaa yake, hnēaw, maana ileile. Kiswidi kinalo mpaka leo: njugg, mtu au kitu cha kutoa kidogokidogo.

Tazama hilo neno "huenda". Kamusi hii inaposhindwa kuthibitisha hatua moja ya safari ya neno, inasema wazi kwamba haijathibitishwa. Mimi napenda hivyo kuliko kitu kingine chochote ndani yake. Nimefanya kazi mahakamani, najua tofauti ya shahidi anayesema "niliona" na shahidi anayesema "nadhani niliona", na najua ni yupi hakimu anamwandika kwa uangalifu.

Kwa nini Kinorse? Sisi tunaoishi Yorkshire tunakanyaga jibu kila siku. Waskandinavia waliuteka mji wa York mwaka 866, na utawala wao hapo haukuisha mpaka mwaka 954, mfalme wao wa mwisho alipofukuzwa. Waliacha maneno chungu nzima. Ukipita Kirkgate au Briggate pale Leeds, hiyo "gate" haina uhusiano na lango, ni gata, yaani njia kwa Kinorse. Yai, kisu, hata kiwakilishi cha "wao" katika Kiingereza vilitoka huko. Dirisha lao, window, lilikuwa vindauga, jicho la upepo. Kwamba neno la ubahili nalo lilishuka kutoka merikebu zilezile si ajabu hata kidogo.

Msichana hakuridhika na asili peke yake. Alitaka miaka. Nikamwachia simu ateremshe nukuu kwa kidole chake mwenyewe, kisha nikafungua kamusi ya pili pembeni, ile ya Kiingereza cha kati ya Chuo Kikuu cha Michigan, ambayo ni bure. Humo ndimo tulimkuta ndugu wa neno letu, nigun, katika maandishi ya Robert Mannyng, mtawa wa Bourne huko Lincolnshire, aliyeanza mwaka 1303 kuwaandikia watu wa kawaida kitabu kuhusu dhambi, kwa Kiingereza chao. Lincolnshire ni sehemu ileile waliyokaa Waskandinavia.

Habari iliyobeba neno hilo ni ya bahili aitwaye Piers, mtu tajiri wa riba na ushuru, na imetokana na masimulizi ya zamani sana ya Kanisa la mashariki yanayomhusu Yohana Mtoa Sadaka, patriaki wa Aleksandria. Maskini wamekaa ukutani wanaota jua, wanataja nyumba zinazotoa sadaka. Hakuna hata mmoja aliyewahi kupata kitu kwa Piers. Mmoja wao anaweka dau kwamba yeye atapata. Anakwenda kumvizia mlangoni. Piers anarudi, anamkuta, anapandwa na hasira, anainama kutafuta jiwe na halioni. Punda wa mikate yupo hapo, amebeba mzigo. Piers ananyakua mkate na kumtwanga nao yule maskini, ambaye anaudaka na kukimbia. Baadaye Piers anaugua, anaota yuko kwenye hukumu, mizani imewekwa. Mashetani wanarundika maovu yake upande mmoja. Malaika upande wao hawana cha kuweka isipokuwa mkate ule aliourusha kwa ghadhabu. Anapoamka, anatoa mali yake yote, na mwishowe anajiuza mwenyewe utumwani ili fedha ziende kwa maskini.

Nilimtafsiria mama mtu habari hiyo neno kwa neno. Alicheka kidogo mahali pa mkate. Kisha akasema kwao Uvira mtu wa namna ile angeimbwa sokoni.

Tukasogea kwa mshairi Chaucer, mwishoni mwa miaka ya 1300. Katika utangulizi wa Mke wa Bath, mmoja wa wasimulizi katika hadithi zake, mwanamke huyo anamwambia mumewe kwamba ni bahili kupita kiasi mtu atakayemkataza mwenzake kuwasha mshumaa kwenye kandili yake, kwa kuwa mwanga wake hautapungua. Neno analotumia ni nygard. Ndiyo maana halisi ya neno hili katika maandishi hayo: mtu anayekunyima hata kitu ambacho kukitoa hakumpunguzii chochote. Mwenye mkono wa birika ana afadhali, maana yeye angalau anachotoa kinapungua.

Baada ya hapo nikamfungulia msichana neno jingine, lile tusi wanaloitwa watu weusi, ambalo sitaliandika hapa. Shina lake ni niger la Kilatini, yaani eusi, likipitia Kihispania, Kireno na Kifaransa, na nukuu zake za Kiingereza zinaanza karne ya 16. Kwa maana hiyo watu wa Lincolnshire na London walikuwa wakiwaita mabahili wao kwa jina lile karibu miaka mia mbili au zaidi kabla ya tusi kuingia katika lugha yao. Maneno mawili, mashina mawili, bahari mbili tofauti. Msichana alihesabu kwa vidole, akarudi juu, akahakikisha, akarudi chini.

"Basi hakunitukana," akasema. "Lakini angetuambia kabla ya kusoma. Wavulana nyuma walicheka."

Yuko sahihi kwa yote mawili, na hapa ndipo sikubaliani na watu wanaoishika kamusi na kuifanya rungu. Wapo wanaosema: asili yake ni safi, kwa hiyo anayeumia ni mjinga. Mimi nakataa. Kamusi inathibitisha mwalimu hakukusudia tusi na mshairi hakuwa na wazo hilo. Haithibitishi kwamba wavulana wa nyuma hawakucheka, wala kwamba mtoto mweusi peke yake darasani hakuhisi joto usoni. Tena wapo wanaolitamka kusudi, wakijua linavyosikika, kisha wanakimbilia asili yake wakibanwa. Mama aliniuliza amwandikie mwalimu nini. Tukaandika pamoja barua fupi ya adabu, kwamba tumelisoma neno, tunajua ni la ubahili, na tunaomba siku nyingine darasa lielezwe kabla ya kusomewa. Mwalimu alijibu vizuri, na kipindi kilichofuata alianza na historia ya neno.

Wengine hawakupata nafasi hiyo. Januari 1999 huko Washington, David Howard, msaidizi wa meya aliyekuwa na siku chache tu madarakani, Anthony Williams, alikuwa akizungumza na wafanyakazi wenzake kuhusu fungu la fedha lililokuwa dogo. Akasema itabidi awe niggardly nalo, yaani abane matumizi. Howard ni mzungu, na mmoja wa waliomsikia, mwenzake mweusi, alilielewa kuwa tusi. Uvumi ukaenea, Howard akajiuzulu, na meya, ambaye ni mtu mweusi, akakubali kujiuzulu huko. Zikafuata siku za mabishano nchi nzima. Julian Bond, mwenyekiti wa NAACP, shirika kongwe la kutetea haki za watu weusi Marekani, alisimama upande wa Howard na kusema hadharani kwamba hakustahili kupoteza kazi. Meya akakiri alifanya haraka, akamkaribisha arudi, naye akarudi serikalini katika nafasi nyingine. Mwaka huohuo, katika Chuo Kikuu cha Wisconsin kule Madison, mwanafunzi alilalamika kwa sababu profesa alilitumia neno hilo alipokuwa akimfundisha Chaucer. Mwaka 2002, mwalimu wa shule ya msingi huko Wilmington, North Carolina, alipewa onyo kwa kulifundisha kama msamiati kwa watoto wa darasa la nne.

Ninaposoma habari za Washington, huwa nawaza kile chumba. Kama mtu mmoja angefungua ukurasa huu na kuwaonyesha wenzake miaka, mengi yangezungumzwa palepale mezani. Na kama Howard angesema tu "tubane matumizi", yasingehitajika. Mimi katika ukalimani silitumii neno hili kamwe. Kiingereza kina maneno tele ya bahili, hakuna hasara. Likitumiwa na mtu mwingine mbele yangu, nalitafsiri kwa haki, bahili, wala siongezi chumvi.

Hayo maneno tele nayo nimeyapata humuhumu. OED imeunganishwa na tesauri ya kihistoria iliyotengenezwa Chuo Kikuu cha Glasgow, kazi iliyoanza mwaka 1965 na kukamilika mwaka 2009. Ukiwa kwenye neno, unabonyeza na kuona maneno yote yaliyowahi kubeba maana hiyo kwa mfuatano wa miaka. Mabahili wa Kiingereza wamepewa majina mengi kuliko nilivyodhani: miser, ambalo Kilatini chake ni mnyonge, mwenye dhiki, skinflint, anayeweza kuchuna ngozi ya jiwe la gumegume, na curmudgeon, ambalo leo ni mzee mkorofi lakini zamani lilikuwa bahili hasa.

Hilo la mwisho lina kisa ambacho kila mfasiri angepaswa kukijua. Samuel Johnson, katika kamusi yake ya mwaka 1755, aliandika kwamba curmudgeon limetokana na maneno ya Kifaransa cœur méchant, moyo mbaya, na akataja aliyempa dokezo hilo: mwandishi wa barua asiyejulikana, "unknown correspondent". Mwaka 1775 John Ash akatoa kamusi yake, akanakili, lakini akadhani maneno hayo ya Kiingereza ni tafsiri ya yale ya Kifaransa. Akaandika kwamba cœur maana yake ni asiyejulikana, na méchant ni mwandishi wa barua. Ndivyo uongo wa asili ya neno unavyozaa uongo mkubwa zaidi pale ambapo hakuna anayedai ushahidi. OED leo inasema tu kwamba asili ya curmudgeon haijulikani, na inatosha.

Upungufu wake ni upi? Mbali na ada, nukuu za zamani zimewekwa kama zilivyoandikwa, bila tafsiri ya Kiingereza cha leo. Msichana wetu alisoma mistari ya Chaucer mara mbili bila kuambulia kitu mpaka nikamsaidia. Sehemu ya asili ya neno imejaa majina ya lugha zilizokufa, na mtu asiye na msingi atajikuta anaruka mistari. Si kamusi ya mtu anayeanza Kiingereza. Huyo achukue kamusi ndogo ya wanafunzi, atafaidika zaidi. Na maneno yaliyotoweka kabla ya mwaka 1150 hayaingizwi, kwa hiyo usitarajie Kiingereza cha kale chote kimo.

Zile mbili za bure: ya Michigan nimeshaitaja. Ilikamilika mwaka 2001, ina kurasa kama 15,000 kwa kuhesabu za kitabu, na kwa neno lolote la kati ya miaka ya 1100 na 1500 haina mshindani. Sura yake ni ya kizamani lakini ushahidi wake umejaa. Ya pili ni Etymonline ya Douglas Harper, Mmarekani aliyeijenga peke yake, maelezo mafupi, rahisi kusoma, haili bando kwenye simu. Nukuu kamili huzikuti kwa wingi, ila ukitaka kujua neno limetoka wapi ukiwa umesimama kituoni unasubiri basi, ndiyo ya kufungua.

Nina uchungu mmoja ambao si kosa la Oxford. Nilipomaliza na neno lao la ubahili, nililitaka letu. Bahili tunajua ni Kiarabu, bakhīl, na kamusi zetu zinaonyesha hivyo. Lakini nani aliliandika kwanza kwa Kiswahili, katika utenzi gani, mwaka gani? Tuna hati za mashairi za tangu miaka ya 1700, Utendi wa Tambuka ukiwa mojawapo, wa mwaka 1728. Tuna kamusi ya Krapf ya mwaka 1882, tuna ya Sacleux iliyoanza kutoka Paris mwaka 1939, tuna Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya TUKI ya mwaka 1981. Hakuna inayokuwekea safu ya nukuu zenye miaka kama nilivyoziona pale mezani kwa jirani. Oxford wenyewe mwaka 2022 waliongeza kundi la maneno ya Kiingereza cha Afrika Mashariki, mengi yenye asili ya Kiswahili, yakiwa na nukuu na miaka. Inaniuma kwamba nikitaka historia ya neno la kwetu yenye tarehe, wakati mwingine naipata kwanza kwenye kamusi ya Kiingereza. Vijana walioko vyuoni Dar es Salaam, Zanzibar na Nairobi, kazi hii inawangoja, na hati zipo.

Kuhusu kuingia: Uingereza, maktaba nyingi za umma zimekwishalipia usajili. Unachukua kadi ya maktaba ya halmashauri yako, ambayo ni bure, unakwenda kwenye tovuti ya OED, unachagua kuingia kwa maktaba, unaandika namba ya kadi, basi, uko ndani ukiwa nyumbani kwako. Uliye chuoni popote duniani, muulize mkutubi kabla hujatoa shilingi yako. Mkalimani au mfasiri anayeishi kwa kazi hii na hana maktaba ya namna hiyo, nasema alipie, hata kwa mwaka mmoja. Wengine waanze na Michigan na Etymonline. Na ukishaingia, usiishie kwenye maana ya kwanza. Fungua nukuu zote, soma kuanzia ya zamani kabisa, uje nazo mpaka za karibuni.